Saa za Baba Katika Foleni

Baba alikuja kuishi kwangu Buhongwa mwaka uleule ambao ofisi yetu ilipewa kazi ya kukadiria hasara inayoletwa na foleni za Mwanza. Mambo hayo mawili hayakuhusiana. Yalikutana barabarani tu, kwa kuwa barabara ya kutoka kwangu kwenda mjini ni moja.

Alikuwa bwana mifugo katika vijiji vya Majita, mkoani Mara, tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Mwanzoni alizunguka kwa baiskeli, baadaye serikali ikampa pikipiki. Mimi ninachokumbuka zaidi cha utoto wangu ni harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokuwa imeingia kwenye mashati yake na haikutoka hata mama alipoyafua ziwani kwa sabuni ya mche. Mama alifariki nikiwa chuoni. Baada ya hapo baba alibaki nyumbani na kaka yangu, ambaye analima mihogo na mahindi na ana mtumbwi wa dagaa. Nilikuwa nakwenda Krismasi, nakaa siku chache, narudi Mwanza. Mimi na baba hatukuwa na mengi ya kuzungumza. Tuliulizana habari za kazi, za mvua, za mifugo, kisha tulinyamaza, na wote wawili tulikuwa tumezoea hivyo.

Kisha miguu yake ikaanza kuvimba. Kaka alidhani ni uzee. Hospitali ya wilaya ikatuma vipimo, vipimo vikaleta rufaa, na mwishowe nikajikuta nimekaa naye mbele ya daktari katika ile hospitali kubwa iliyo kilimani hapa Mwanza. Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Alimwamkia baba shikamoo kwanza, akasubiri marahaba yake, ndipo akamwambia kwamba figo zote mbili zimechoka na itabidi damu yake isafishwe kwa mashine mara tatu kwa wiki.

"Mara tatu kwa wiki mpaka lini?" baba akauliza.

"Maisha yote, mzee wangu."

Baba akaitikia kwa kichwa. Nilitegemea aulize kitu kingine. Akaniuliza mimi kama nimefunga milango ya gari.

Ndiyo ikawa hivyo: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Tuliondoka Buhongwa giza likianza kupauka, tukapita Mkolani, Nyegezi, Butimba, tukateremka Mkuyuni, tukabanana na malori yanayotoka Shinyanga, na kila mtu mwenye kazi mjini alikuwa nasi kwenye lami ileile nyembamba.

Kazini tulikuwa timu ndogo. Tulichotakiwa kusema ni kimoja: jiji linapoteza shilingi ngapi kwa sababu ya magari kusimama. Kuna mafuta yanayoungua bure, kuna breki na matairi, kuna moshi unaovutwa na wenye maduka wa kando ya barabara. Lakini kubwa kuliko vyote ni muda wa watu. Unapima safari inachukua muda gani barabara ikiwa wazi, unapima tena barabara ikiwa imejaa, na ile tofauti unaihesabu kuwa hasara. Unaizidisha kwa watu waliomo garini, kisha kwa bei ya saa moja ya kila mmoja wao. Hicho ndicho kiini cha modeli yetu, ingawa kwenye kompyuta ilionekana kitu kikubwa na cha kutisha.

Mkuu wetu wa timu, mhandisi mwenye sauti ya chini ambaye alijua habari za baba tangu mwanzo na hakuwahi kuninunia kwa kuchelewa, alikuja mezani kwangu siku moja akiwa na wazo.

"Wewe unapita barabara ile kila mara saa mbaya kuliko zote," alisema. "Tukiiwekea simu yako programu ya kurekodi mwendo wa gari, tutapata takwimu ambazo hakuna mwingine atakayetuletea. Lakini kama unaona vibaya, sema."

Sikuona vibaya. Nilifurahi, hata. Nilijiambia kwamba sasa ninapompeleka baba niko kazini, na ninapokuwa kazini niko na baba. Simu ikakaa juu ya dashibodi ikirekodi tulipo kila baada ya sekunde chache, na baba akakaa kiti cha mbele, kofia yake ya pama magotini, kioo kimeshushwa nusu.

Wiki za kwanza tulikuwa kimya kama kawaida yetu. Sijui kimya kile kilivunjika vipi. Nadhani ilisaidia kwamba garini hamtazamani. Nyumbani mtu anakaa mbele yako, unaona uso wake ukibadilika, unasita. Kwenye foleni wote mnatazama mgongo wa lori, na maneno yanatoka yenyewe.

Alianza na ng'ombe. Kulikuwa na jike la mzee fulani lililokuwa likishindwa kuzaa, akakesha nalo, na alipomtoa ndama mzee yule alimshukuru ng'ombe. Akahamia kwa mama. Alimwona mara ya kwanza kwenye josho la kuogeshea ng'ombe, amekuja na mifugo ya babu, na mama akamcheka kwa sababu baiskeli yake ilikuwa imefungwa kamba ya katani pale penye pedeli. "Alinicheka mbele ya watu," baba alisema, tukiwa tumekwama Butimba. "Nikasema huyu lazima nimjue." Sikuwa nimewahi kusikia kwamba mama alikuwa mtu wa kuwacheka watu. Mama niliyemfahamu mimi alikuwa mtu wa kusali na kuhimiza usafi.

Na asubuhi moja, karibu na Nyegezi, bila kunitazama, aliniambia kwamba kabla ya kaka yangu walizaa mtoto wa kike. Homa ilimchukua akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Mama hakutaka atajwe tena ndani ya nyumba, na baba akaheshimu hilo mpaka mama mwenyewe alipoondoka, na hata baada ya hapo ulimi ulikuwa umeshazoea.

"Amezikwa wapi?" nikamuuliza.

"Pale nyuma, penye mkonge. Wewe ulikuwa unacheza pale."

Dereva wa nyuma akapiga honi. Gari la mbele lilikuwa limesogea kidogo na mimi sikuwa nimeona.

Katika siku hizo tulikuwa tunajaribu maswali ya kuwauliza wasafiri. Watu huulizwa wangekuwa tayari kulipa kiasi gani ili wafike mapema, na kutoka kwenye majibu yao unapata fununu ya thamani wanayoipa saa yao. Nilitaka kusikia yanavyosikika mdomoni kabla hayajapelekwa vituoni, kwa hiyo nikamwomba baba anisaidie.

"Ujibu kama mtu ambaye hunijui," nilimwambia.

"Uliza, mama." Alikuwa akiniita hivyo siku zote, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Safari yako ya leo ni ya nini?"

"Si unajua?"

"Baba, jibu kama hunijui."

"Matibabu."

"Kama kungekuwa na barabara nyingine isiyo na foleni, ungekuwa tayari kulipa kiasi gani ili ufike mapema?"

Alilitazama lori la mbele kwa muda. "Nifike wapi mapema?"

"Hospitali."

"Kwenye ile mashine?" Akacheka, kicheko kile cha wazee cha mabega. "Andika kwamba huyu mzee hana haraka."

"Hakuna nafasi ya kuandika hivyo."

"Basi andika sifuri. Na hapa tulipo pazuri tu. Tuna upepo, tunaongea."

Nilicheka naye. Niliandika sifuri.

Wiki hiyohiyo tulifika ofisini kwenye sehemu ya kuamua bei za saa. Wafanyakazi walikuwa rahisi, tulikuwa na makadirio ya mishahara. Wafanyabiashara wadogo walitusumbua. Kisha mkuu akauliza, "Wastaafu, wagonjwa, watoto wa shule, tuwaweke wapi?" Mwenzetu mmoja akasema kwamba wataalamu wengi huwapa thamani ndogo sana, na wengine hawawapi kabisa, maana hawazalishi. Mkuu aliona uso wangu.

"Modeli haisemi kwamba mtu hana thamani," alisema taratibu. "Inasema tu muda wake hauna bei sokoni. Hatuna namna nyingine ya kuupima."

Nilimwambia naelewa, na kweli nilielewa. Mimi mwenyewe ningemjibu mwanafunzi hivyo hivyo. Tuliwapa kiasi kidogo, tukaendelea na mafuta ya dizeli. Lakini jioni ile nilipompitia baba hospitali nikamkuta amekaa kwenye benchi, bandeji nyeupe mkononi, uso umelegea kama nguo iliyokamuliwa, nilishindwa kumsalimia vizuri. Akadhani nimegombana na mtu kazini.

Nisije nikaonekana ninasifia foleni. Ilikuwa inamuua. Mashine zilikuwa chache na kila mgonjwa alikuwa na zamu yake. Ukichelewa, muda wako unaanza kuliwa, kwa sababu anayekufuata naye ametoka mbali. Muuguzi mkuu wa wodi ile, mama mnene mwenye huruma, alinivuta pembeni zaidi ya mara moja. "Dada, leo tumemtoa kabla hajamaliza. Maji bado yamo mwilini. Jitahidini muwahi." Tulijitahidi. Tulitangulia kuondoka, na kumbe wenzetu nao walikuwa wametangulia, foleni nayo ikatangulia pamoja nasi. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma chuoni, lina maelezo yake mazuri. Sikuwa nimewahi kuliona likivimba katika vifundo vya miguu ya mtu.

Ikaja asubuhi ya mvua. Lori la saruji lilikuwa limelala ubavu kwenye mteremko wa Mkuyuni, mifuko imepasuka, mvua inaigeuza kuwa uji wa kijivu unaotiririka barabarani. Tulikuwa juu ya mteremko. Mbele hapakuwa na njia, na nyuma yetu magari yalikuwa yamekwishajaa mpaka hatuoni mwisho. Ilikuwa Jumatatu, siku mbaya kuliko nyingine, kwa sababu tangu Ijumaa maji huwa yamejikusanya mwilini, na Ijumaa iliyopita alikuwa ametolewa mapema.

Kwanza alikuwa anaongea. Kisha akawa anajibu kwa neno mojamoja. Kisha nikasikia pumzi yake ina sauti, kama mtu anayevuta kitu kizito.

"Fungua mlango," alisema. "Nataka hewa."

Nilifungua. Mvua ikamlowesha upande mmoja. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga maandazi chini ya bati la duka alituona, akaja mbio na mwavuli, akamwangalia baba mara moja tu, akawageukia madereva wa bodaboda waliokuwa wamejikinga mvua pale kibandani.

"Vijana, huyu mzee si wa kukaa hapa!"

Mmoja akasema apakizwe pikipiki, mimi nimshike kwa nyuma. Baba hakuweza hata kunyanyua mguu. Ndipo yule mama akaleta kiti chake cha plastiki, kile alichokuwa amekalia. Vijana wanne wakakishika, kila mmoja mguu wake, wakamwinua baba juu akiwa amekaa, wakaanza kushuka naye kati ya magari.

Nilimwachia mwenye duka ufunguo wa gari nikawafuata. Nimejaribu kusahau mwendo ule, sijaweza. Watu walishusha vioo wakatazama. Wengine walizima redio. Mwanamume mmoja aliyevaa tai alishuka garini akasogeza pikipiki iliyoziba njia, akasimama kwenye mvua mpaka tulipopita. Baba alikuwa ameshika kofia kifuani kwa mikono miwili na macho ameyafumba. Mimi nilidhani anasikia maumivu. Baadaye nilijua kwamba ilikuwa aibu.

Wakamvusha kando ya lile lori, miguu yao ikizama kwenye saruji mpaka vifundoni, na upande wa pili ambako barabara ilikuwa tupu kabisa tukapata bajaji. Vijana hawakukubali nauli yoyote. Mmoja wao alimwambia baba, "Utapona, mzee," akarudi kupanda mlima.

Zamu yake ilikuwa imekwishapita. Muuguzi mkuu alipomwona alivyo, alikwenda kwa mgonjwa mmoja kijana akazungumza naye, na yule kijana akakubali kutolewa mapema ili baba aingie. Sikumjua jina. Nilimpungia mkono, naye akanipungia, amechoka kama wote walivyo pale.

Baba alipata nafuu. Siku chache alikula vizuri, hata akaniomba nimkaangie sato. Jumapili baada ya kanisa tulikaa nje ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta, akaniambia:

"Mama, nataka kwenda nyumbani."

"Tutaomba ruhusa. Tukitoka Ijumaa baada ya mashine, tunarudi Jumapili jioni."

"Sisemi kwenda kutembea."

Nilielewa, lakini nikajifanya sijaelewa. Nikaanza kueleza habari za kuhama. Nilisema nitaipangisha hii nyumba, nitatafuta vyumba viwili Mirongo, hospitali itakuwa pale juu tu, hatutapita Mkuyuni tena. Nilikuwa nimefikiria mpaka mapazia. Aliniacha nikamaliza.

"Siku ya mashine nimelala hoi," alisema. "Siku ya pili najikusanya. Siku ya tatu balabala tena." Wazee wa kwetu wengi husema hivyo, balabala, na zamani nilikuwa namsahihisha. "Wiki imekwisha, sijaona hata mtu mmoja ninayemjua."

"Si ndiyo nasema tuhame?"

"Si foleni peke yake, mama. Foleni ni nusu. Mimi nimetibu mifugo maisha yangu yote. Ilifika mahali nilikuwa namwambia mwenye ng'ombe amwache alale."

"Wewe si ng'ombe, baba."

"Ndiyo maana nasema mwenyewe," akajibu.

Nililia. Yeye hakunibembeleza, hakuwa na desturi hiyo, lakini hakuondoka. Alikaa pale mpaka nilipomaliza, akaniuliza kama bado kuna chai.

Daktari alizungumza naye peke yake, kisha akazungumza nasi wote. Alisema ni haki yake. Alieleza bila kuficha yatakayofuata, na akatupa dawa za kupunguza maumivu na kuhema. Kaka yangu ndiye aliyekuwa mgumu. Nilipompigia simu akasema, "Umemchoka, si useme?" Nilimkatia simu. Baba akaichukua ile simu mkononi mwangu, akaniambia nimpigie tena, akaenda nayo uani. Sikusikia walichoongea. Nilisikia tu sauti ya baba ikienda polepole, kama alivyokuwa akiwaelekeza watu namna ya kumshika mnyama anayeogopa.

Tulisafiri Jumamosi. Tukapita mjini, na hata siku hiyo Mabatini palikuwa pamejaa, wachuuzi wamemwaga bidhaa mpaka ukingoni mwa lami, na baba akanunua machungwa kwa kuyachagua mojamoja kupitia dirishani huku magari yakinipigia honi. Baada ya Kisesa barabara ilifunguka. Sikuwa nimewahi kuendesha naye barabara iliyo wazi. Mkono wangu ukakaa vibaya kwenye gia. Nilikuwa nimezoea ya kwanza na ya pili.

"Punguza kidogo," alisema. "Nataka kuona."

Nilipunguza. Mabasi yalitupita yakatutimulia upepo. Mahali fulani baada ya Lamadi ziwa likaonekana upande wa kushoto, limelala tulivu, na baba akavaa kofia yake kama mtu anayekaribia kufika, ingawa bado ilikuwa mbali.

Aliishi kidogo. Nilichukua likizo nikakaa. Watu walikuja kumwona kutoka vijiji ambavyo sikujua kama viliwahi kumfahamu, wengine wazee kuliko yeye, wakakaa kwenye mkeka wakakumbushana ugonjwa fulani wa midomo na kwato ulioingia zamani, na madume fulani waliyataja kwa majina. Alicheka sana siku za kwanza. Kisha usingizi ukaanza kumchukua katikati ya mazungumzo, nao wakawa wanaendelea kuzungumza kwa sauti ya chini pembeni yake. Kaka alikuwa akimwogesha. Sikuwa nimejua kwamba kaka anaweza kuwa na mikono myepesi vile. Baba alifariki asubuhi, wifi yangu, mke wa kaka, akiwa anampozea uji kwenye bakuli. Nilikuwa nimekaa mlangoni. Wifi akaliweka bakuli chini, akaniita kwa jina langu, sio wifi kama kawaida, na nikajua.

Tulimzika karibu na mama. Kabla ya kuchimba, nilimwonyesha kaka penye mkonge nikamwambia habari za yule dada yetu. Hakuwa anajua. Alisimama na jembe begani, akanitazama kama nimemwibia kitu. "Alikwambia lini?" aliuliza. Nikamwambia, kwenye foleni. Alikwenda akafyeka pale mpaka pakawa safi, na majirani wakaweka mawe.

Niliporudi kazini wenzangu walikuwa wamekaribia kumaliza. Walinipa pole, wakaniachia sehemu yangu, kusafisha takwimu za mwendo wa magari. Safari zote zilikuwemo, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mistari ya namba ikionyesha gari lilivyotambaa. Nilipofika kwenye namba za Nyegezi nilijua hapa baba alikuwa anasema nini. Butimba vilevile. Kompyuta ilionyesha muda uliopotea tu, na nilikuwa naujumlisha.

Ile asubuhi ya lori la saruji ilijitokeza peke yake, ndefu kuliko nyingine zote kwa mbali sana, kwa kuwa simu ilibaki garini ikaendelea kurekodi gari lililosimama. Mkuu alikuja akasimama nyuma yangu.

"Hiyo tutaiondoa," alisema. "Si siku ya kawaida. Itavuruga wastani." Kisha akakumbuka. "Samahani. Niachie mimi nitaiondoa."

"Nitaiondoa mwenyewe," nilisema.

Alikuwa sahihi. Modeli haijengwi juu ya siku moja. Niliuwekea ule mstari alama, nikaufuta, namba zikatulia. Nilikwenda nje nikasimama kwenye kibaraza.

Ripoti iliwasilishwa katika ukumbi wenye viyoyozi, mbele ya madiwani na wataalamu. Nilisoma sehemu yangu. Walishtushwa na ile jumla, kama tulivyotaka washtuke, na mjadala ukawa mrefu kuhusu kupanua barabara, kuwahamisha wachuuzi, kuweka muda wa malori. Diwani mmoja aliuliza kama fedha hizo zinazopotea ziko mahali ambapo mtu anaweza kwenda kuzichukua, watu wakacheka. Nilimweleza kwamba hapana, ni makadirio tu. Akaridhika. Hakuna aliyeuliza habari za wagonjwa, na mimi sikuwa na takwimu zao.

Bado ninaishi Buhongwa na bado napita njia ileile. Kaka hunipigia simu siku hizi mara nyingi kuliko zamani, kwa kawaida jioni, wakati ambao anajua niko barabarani narudi. Hana la maana. Ananiambia dagaa wamekuwa adimu, ananiambia nani ameozesha binti. Juzi aliniuliza nipo wapi, nikamwambia Mkuyuni, tumesimama.

"Bado mnasimama tu huko?"

"Bado."

Nilisikia mbuzi wa wifi wakilia nyuma yake.

"Haya, usikate," akasema. "Tuongee mpaka ufike."